Padri aliyekata aya yake mwenyewe

Mwaka 1931, Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji na mwanafizikia, alilipelekea jarida la Nature barua fupi. Alidai ulimwengu mzima ulianza kama chembe moja iliyopasuka. Mwisho wa mswada wake wa taipu kuna aya aliyoikata: amwaminiye Mungu hujua kwamba Mungu amefichika, na huenda akafurahi kuona fizikia nayo imeusitiri uumbaji kwa pazia. Wasomaji wa Nature hawakuiona.

Sishangai kwamba aliikata. Tangu mwaka 1927, alipoonyesha kwa milinganyo ya Einstein kwamba ulimwengu unapanuka, upinzani haukumwisha. Einstein mwenyewe alimwambia hesabu zake ni sahihi, ila fizikia yake inachukiza. Baadaye vipimo vya Edwin Hubble vilimlainisha. Lakini kwa wengine kanzu ilitosha kumtia Lemaître mashakani: huyu anatuletea kitabu cha Mwanzo kwa mlango wa nyuma!

Pigo lililomuumiza zaidi lilitoka nyumbani. Tarehe 22 Novemba 1951, Papa Pius XII aliwaambia wanasayansi wa Akademia ya Kipapa kwamba sayansi sasa inashuhudia ile saa nuru ilipoamriwa iwe. Kwa hiyo, alisema, Muumba yupo. Lemaître alikuwa mwanachama wa akademia hiyo, na hakupendezwa. Alishauriana na Padri Daniel O'Connell, mkuu wa kituo cha Vatikani cha kuchunguza nyota. Septemba 1952 Papa alipowahutubia wanaastronomia mjini Roma, dai lile hakulirudia.

Leo mahubiri yetu, na mihadhara vilevile, hutaja mlipuko mkuu, jina la leo la nadharia ya Lemaître, kana kwamba ni hati ya kiapo. Mimi nasimama na Lemaître, wala si kwa kuogopa sayansi. Mwaka 1951 nadharia yake ilikuwa bado inashindana na ya Fred Hoyle, aliyesema ulimwengu hauna mwanzo. Mnururisho uliosalia angani tangu mwanzo huo, ndio uliompa Lemaître ushindi, ulitangazwa mwaka 1965. Je, Hoyle angeshinda, muumini angeambiwa nini? Kwamba Mungu ameshindwa kwa hesabu?

Mwaka 1958, mjini Brussels, Lemaître alilieleza jambo hilo waziwazi: nadharia yake iko nje kabisa ya maswali ya dini. Asiyeamini ana uhuru wa kumkana Mungu, na muumini hapaswi kumtafuta ndani ya mlinganyo.