Mvumo Si Mwangwi

Rivabu ni sauti inayobaki ukumbini baada ya chanzo chake kunyamaza. Ni rahisi kuiita mwangwi, ila mwangwi ni jambo jingine.

Mwangwi hujibu: unaita, kinapita kimya kifupi, kisha sauti yako inarudi. Kwa kuwa sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, ukuta ulio umbali wa mita 17 hurudisha kofi baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, na sikio huyatenga mapigo mawili. Ukumbini marejeo ni mengi mno; yanatoka ukutani, darini na sakafuni, yakifuatana karibukaribu hata sikio linasikia sauti moja inayofifia. Wahandisi hupima muda inaochukua kushuka kwa desibeli 60.

Kiswahili kina kitenzi cha hali hiyo: kuvuma. Bahari huvuma, upepo huvuma, ngoma huvuma. Basi rivabu na iitwe mvumo, mwangwi ubaki kwa marejeo yanayotengeka. Hapo aina zake hupata majina bila taabu: mvumo wa springi, uliowekwa ndani ya vikuza sauti vya Fender mwaka 1963, mvumo wa bamba la chuma, na mvumo wa kinyume.

Huu wa mwisho ndio uliobeba Loveless, albamu ya My Bloody Valentine, bendi iliyoanzia Dublin. Creation Records, kampuni huru ya London, iliitoa Novemba 1991. Kevin Shields, mpiga gitaa wa bendi hiyo, alipitisha gitaa lake kwenye mashine ya Yamaha SPX90, ambayo marejeo yake huanza chini, hupanda, kisha hukatika ghafla. Huku akipiga nyuzi, aliishika fimbo ya gitaa inayozilegeza na kuzikaza, noti zikayumba. Katika “Only Shallow”, ngoma inapomaliza kufungua wimbo, magitaa yanafura bila ncha ya pigo kusikika, kisha sauti laini ya mwimbaji Bilinda Butcher inaelea ndani yake.

Wengi walidhani magitaa yamerundikwa kwa makumi. Shields amekuwa akieleza kuwa ni machache kuliko wanavyofikiri. Kwa hiyo mhakiki anayeisifu albamu hii kwa “mwangwi mwingi” anamtuma msomaji kutafuta marudio yasiyokuwapo. Akiandika “mvumo wa kinyume”, anamwonyesha ukubwa wa sauti ya albamu ulikotoka.