Daftari la Mlango: Tarihi ya Kompyuta Kumtambua Mtumiaji

Tangu zamani, kumjua mtu kabla ya kumfungulia mlango ilikuwa kazi ya macho na masikio. Mgeni alipiga hodi. Mwenyeji aliposikia sauti asiyoijua, aliuliza jina, ukoo na mtu wa kumdhamini. Kompyuta ilipotokea duniani haikuwa na macho wala masikio ya kazi hii. Mbele yake watu wote walikuwa sawa, mwenye mali na mwizi, kwa kuwa wote walibonyeza vibonye vile vile. Basi waundaji wake walilazimika kuchagua njia moja katika mbili: ama kila kompyuta iwe na bawabu wake na daftari lake la majina, ama kompyuta zote zimtegemee mdhamini mmoja mwenye daftari moja. Mpango wa kwanza huitwa kikundi kazi. Wa pili huitwa kikoa. Tarihi ya mipango hii miwili ni tarihi ya swali moja: imani ya watu wengi iwekwe mahali gani?

Neno la siri lilianza kwa sababu ya ushirika. Mwaka wa 1961, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mpango ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa mbele ya mashine yake ya kupiga chapa. Kila mmoja alikuwa na faili zake ndani ya kompyuta ile, na kila mmoja alipimiwa saa za kuitumia. Ili mali ya huyu isichanganyike na ya yule, kila mtu alipewa neno la siri, na maneno yote yakaandikwa katika faili moja. Haukupita muda mrefu daftari hilo likaonekana kuwa udhaifu. Mwaka wa 1962 Allan Scherr, mwanafunzi wa udaktari aliyepewa saa nne tu kwa juma, aliona muda huo haumtoshi. Alipeleka ombi la kuchapishiwa faili ya maneno ya siri, na mashine ikamchapia kama ilivyoagizwa. Akaendelea na kazi yake kwa saa za wengine. Mwaka wa 1966 msiba wa pili ulikuja bila ya mtu kuutaka. Faili ya maneno ya siri ilibadilishana mahali na faili ya tangazo la siku, na kila aliyeingia katika kompyuta alichapiwa maneno ya siri ya wenzake wote.

Dawa ya udhaifu huo ilipatikana Uingereza katika miaka hiyo hiyo ya 1960. Roger Needham na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, katika kompyuta yao iliyoitwa Titan, waliacha kuandika neno lenyewe katika daftari. Neno lilipitishwa kwanza katika hesabu iliyo rahisi kufanywa na ngumu kurudishwa nyuma, kama nafaka ambayo husagwa kwa urahisi, walakini unga wake haurudi kuwa nafaka. Daftari lilihifadhi unga tu. Mtu alipoandika neno lake, kompyuta ililisaga upya na kuulinganisha unga huo na ule wa daftarini. Tangu hapo mwenye kuiba daftari hakuwa ameyaiba maneno yenyewe, ingawa aliweza kubahatisha neno jepesi, akalisaga na kulinganisha.

Walakini dawa hiyo ilikuwa ya nyumba moja. Kompyuta zilipounganishwa kwa nyaya, neno la siri lilianza kusafiri, na kila kisafiricho huweza kuvamiwa njiani. Mwaka wa 1978 Needham, pamoja na Michael Schroeder, alitoa makala iliyoeleza jinsi wawili wasiojuana wanavyoweza kuaminiana katika mtandao kwa msaada wa wa tatu, anayeaminiwa na wote wawili. Mwaka wa 1981 Dorothy Denning na Giovanni Sacco walionyesha kasoro katika mpango huo: ufunguo wa zamani ulioibiwa uliweza kutumiwa tena kana kwamba ni mpya. Wakashauri kila ujumbe uandikwe saa ya kutolewa kwake.

Mawazo hayo yalitiwa katika vitendo kwenye chuo kile kile cha Massachusetts, ambako mradi wa Athena ulianza mwaka wa 1983 kwa ajili ya kueneza kompyuta kwa wanafunzi. Mwanafunzi aliweza kuketi mbele ya kompyuta yoyote, na kwa hiyo hakuna kompyuta iliyoweza kuaminiwa kwa kauli yake tu. Kutokana na shida hiyo ilizaliwa Kerberos, iliyoelezwa kwa ulimwengu mwaka wa 1988 na kupewa jina la mbwa wa vichwa vitatu aliyelinda mlango wa kuzimu katika hadithi za Wayunani. Kazi yake ni hii. Mdhamini mmoja huhifadhi ufunguo wa kila mtu na wa kila seva. Mtumiaji anapoingia asubuhi humpelekea mdhamini ombi, naye hurudishiwa jibu lililofumbwa kwa ufunguo utokanao na neno lake la siri. Asiyelijua neno hilo hawezi kulifumbua. Kwa jibu hilo mtumiaji hupata tiketi ya kuombea tiketi nyingine: ya barua, ya faili, ya kichapishi. Neno la siri lenyewe halipiti katika waya hata mara moja. Kila tiketi ina mwisho wake, na saa za kompyuta hazina budi kukubaliana. Kwa kawaida zikitofautiana zaidi ya dakika 5, tiketi hukataliwa.

Wakati vyuo vikishughulika na mdhamini, ofisi nyingi ndogo zilianza kwa ujirani. Mwaka wa 1992 kampuni ya Microsoft ilitoa Windows for Workgroups, ambayo hata jina lake lilitaja vikundi kazi. Kompyuta za ofisi ziligawana faili na vichapishi bila ya mkuu, na kila kilichofunguliwa kwa wengine kiliweza kuwekewa neno lake la siri. Mwaka wa 1993 ilifuata Windows NT, ambayo ndani ya kila kompyuta iliweka daftari kamili la watu wake. Hapo mipango miwili ilionekana ubavu kwa ubavu, kwa kuwa kompyuta hiyo hiyo iliweza kutiwa katika kikundi kazi au katika kikoa.

Katika kikundi kazi kila kompyuta ni nyumba yenye mwenyewe. Mtu aitwaye Juma akitaka kusoma faili za kompyuta ya pili, ni lazima jina lake liandikwe katika daftari la kompyuta hiyo pia. Jina na neno la siri vikifanana katika nyumba zote mbili, hupokelewa bila ya maswali. Walakini kwa kompyuta ya pili huyo ni Juma wake yenyewe, si Juma wa nyumba ya kwanza, kwa kuwa kila moja humpa mtu namba yake ya kumtambulia. Watu 10 wenye kompyuta 10, ikiwa kila mtu anahitaji kuzifikia zote, huandikwa mara 100 katika madaftari 10. Mmoja akibadili neno lake la siri, hana budi kulibadili mara 10. Akiacha kazi, jina lake hufutwa mara 10, na likisahauliwa mahali pamoja, mlango mmoja umebaki wazi. Katika kikoa watu hao ni majina 10 katika daftari moja, na kumfuta mmoja ni kazi ya mara moja. Ndiyo sababu ofisi za watu wengi zilikimbilia kikoa. Na Windows 2000 ilipotoka, mdhamini wa kikoa alianza kutoa tiketi za Kerberos, mpango uliobuniwa kwa wanafunzi wa Athena.

Neno kikoa lenyewe lafaa kutazamwa. Kikoa cha asili ni chakula cha shirika, ambacho kila mshiriki hukitoa kwa zamu yake: leo nyumba hii, kesho nyumba ile. Katika kompyuta karamu ni ya wote, lakini mwenyeji ni yule yule kila siku. Neno limeuhifadhi ushirika, limeiacha zamu. Basi mwenyeji huyo akianguka, wote hulala na njaa.

Hatari hiyo ilijulikana tangu mwanzo, na kwa ajili yake kikoa hupewa kompyuta kadhaa za udhamini, kila moja ikiwa na nakala ya daftari, nazo hupashana habari za kila badiliko. Mwaka wa 2017 ulionyesha upungufu wa kinga hiyo. Tarehe 27 Juni programu haribifu iliyoitwa NotPetya ilitoka Ukraini, kwa njia ya programu ya hesabu iliyotumiwa na makampuni mengi ya huko. Ilipoingia katika mtandao, mbali ya kuvunja milango yenye kasoro, ilichokora kumbukumbu za kompyuta ikitafuta siri za watu walioingia, hasa wasimamizi. Kisha ikapiga hodi kwa majina yao, na mabawabu wakaifungulia.

Kampuni ya meli ya Maersk, ya Denmark, ilikuwa na kompyuta za udhamini karibu 150 katika nchi mbalimbali. Zilifutwa zote ila moja, kwa kuwa zote zilikuwa katika mtandao ule ule. Nakala za seva nyingine zilikuwapo, lakini nakala ya daftari la kikoa haikuonekana, na bila ya daftari seva hizo hazikuwa na wa kumjua mtu. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kompyuta iliyosalimika ilikuwa Ghana. Umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio, nayo ikazimika ikiwa nzima. Mtandao wa huko haukuweza kuipeleka hazina ile kwa haraka, na wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja aliichukua diski hadi Nigeria, akamkabidhi mwenziwe katika uwanja wa ndege, naye akapaa nayo hadi London. Kampuni iliweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku 10. Hasara yake iliikadiria kuwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Kisa hiki hakiwapi ushindi watetezi wa kikundi kazi. Shirika la watu elfu nyingi haliwezi kwenda mlango kwa mlango kufuta jina la kila aliyeondoka, na uzembe wa mlango mmoja huwadhuru wote. Kadhalika hakiwapi usingizi watetezi wa kikoa, maana nakala 150 za daftari zilizofungwa katika uzi mmoja zilihesabika kuwa nakala moja siku ya msiba. Scherr alilitaka daftari ili apate saa chache za kazi. Wengine baada yake wamelitaka ili waangamize. Kilichoiokoa Maersk ni kukatika kwa umeme, jambo ambalo hakuna fundi aliyelipanga. Kilichofanywa na bahati katika Ghana chaweza kufanywa kwa kusudi mahali popote: nakala moja ya daftari itengwe na mtandao, ihifadhiwe, na ijaribiwe kabla ya siku ya haja.