Mlezi wa Miaka Saba: Historia ya Kulea Watoto Wadogo Tarime

Katika vilima vya Tarime, Nyarero ikiwa mojawapo ya kata zake, mtoto mchanga wa Kikurya alikuwa na walezi wawili. Wa kwanza ni mama aliyemnyonyesha. Wa pili ni dada yake wa miaka sita, saba au minane aliyembeba. Mama akishanyonyesha asubuhi alishika jembe akaenda shamba, na mtoto akafungwa mgongoni mwa dada. Kuanzia hapo hadi mama arudi, kilio cha mtoto, usingizi wake, uji wake na nzi waliomzonga machoni vilikuwa juu ya mtoto mwenzake. Dada asipokuwepo, kaka alibeba. Nyumba isipokuwa na mtoto wa umri huo, walimwazima kwa ndugu.

Historia ya eneo hili imeandikwa zaidi kwa ng'ombe. Malcolm Ruel, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Wakurya katika miaka ya 1950, aliandika kuhusu koo, marika na matambiko. Michael Fleisher alitoa kitabu kizima mwaka 2000 kuhusu wizi wa mifugo Tarime. Mahari, mapigano ya koo, vijana waliojiunga kwa wingi na jeshi: hayo yote yana kurasa zake. Mlezi mdogo hupita pembezoni mwa habari hizo akiwa na mtoto mgongoni, ingawa bila yeye pasingekuwa na mtama wala wimbi ghalani, kwa sababu mama asingeweza kulima.

Maelezo ya kina kuhusu kazi yake yapo kwa majirani. Wagusii wa Kenya, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kikurya, waliishi maisha yanayofanana na ya Tarime: vilima, wimbi, ng'ombe, na mji wa mzee mmoja ambamo kila mke ana nyumba na mashamba yake. Kati ya mwaka 1955 na 1957 watafiti Robert LeVine na Barbara LeVine walikaa katika kitongoji walichokipa jina la Nyansongo, wakiandika mambo ambayo wasomi wengi waliyaona madogo mno: nani amebeba mtoto, nani anamlisha, akilia nani anakwenda. Walimkuta kila mahali mtoto mlezi, ambaye Wagusii humwita omoreri. Utafiti huo ulikuwa sehemu ya mradi mkubwa wa John na Beatrice Whiting uliolinganisha malezi katika jamii sita za mabara mbalimbali.

Kazi yenyewe ilikuwa na adha ambazo mtu mzima huzisahau upesi. Mtoto wa miaka saba naye anataka kucheza. Basi alicheza na mzigo wake mgongoni, akikimbia, akirukaruka, kichwa cha kichanga kikiyumba. Mtoto akiamka na njaa alipewa uji. Akikataa uji, mlezi alipanda naye mlima hadi shambani kumtafuta mama. Wakati mgumu kuliko wote ulikuwa kati ya miezi minane na mwaka na nusu. Mtoto amekuwa mzito, hajajua kutembea, lakini anatambaa kwa kasi, na katikati ya nyumba kuna mafiga matatu yenye moto. Anaokota kila kitu na kukitia mdomoni, udongo na mavi ya kuku yakiwemo. Akiungua au akianguka, kipigo kilimwangukia mlezi.

Halafu kukaja kuachishwa ziwa. Mama aliposhika mimba nyingine, mtoto aliyetangulia alitengwa na titi, mara nyingi kwa kupaka kitu kichungu kwenye chuchu. Zilifuata siku za vilio na hasira, na usiku wa kumtafuta mama gizani. Mlezi aliyembeba mchana ndiye sasa aliyembembeleza, na bibi ndiye aliyempa mahali pa kulala. Baada ya miezi michache mtoto yule alikuwa ameingia katika kundi la watoto wa mji, anakula nao sahani moja na kujifunza kwao maneno. Miaka mitano baadaye ilikuwa zamu yake kubeba.

LeVine alirudi kwa Wagusii kati ya mwaka 1974 na 1976, na safari hii timu yake ililinganisha akina mama hao na wenzao wa Boston, Marekani. Mama wa Kigusii hakuzungumza sana na mtoto mchanga wala kumkazia macho, lakini alimweka karibu na mwili wake mchana na usiku, na akilia alimwendea mara moja. Mama wa Boston alizungumza na mtoto wa miezi mitatu kama mwalimu na mwanafunzi, kisha akamlaza chumba chake peke yake. Wagusii walipoonyeshwa picha za video za Boston walisikitika: mtoto analia, mama yupo hapo hapo, na bado hajamwinua! Maelezo ya LeVine yana mantiki. Palipo na homa, kuhara na surua, kazi ya kwanza ya mzazi ni mtoto aishi. Maneno atayapata kwa wenzake.

Jambo jingine la thamani lilitoka Oyugis, Kenya, kwa Wajaluo, ambao pia ni majirani wa Wakurya tangu zamani. Mtafiti Carol Ember alichapisha mwaka 1973 uchunguzi wa wavulana waliopewa kazi za nyumbani na za kulea kwa sababu familia zao hazikuwa na msichana wa umri unaofaa. Aliona kuwa wavulana hao hawakuwa wagomvi kama wenzao, na walikuwa wepesi zaidi kusaidia. Kwa nchi ambayo kwa vizazi vingi imemsifu kijana kwa ukali wake, matokeo hayo yangestahili kusomwa kwa sauti kwenye kila mkutano wa wazazi.

Kulikuwa na bibi pia. Mkurya huzaliwa akiwa tayari na nafasi yake katika mzunguko wa vizazi: mtoto wa Msaai ni Mnyamburiti, wa Mnyamburiti ni Mgamunyere, wa Mgamunyere ni Mmaina, na mtoto wa Mmaina anarudi kuwa Msaai. Upande wa pili una mzunguko wake wa namna hiyo hiyo, wa Wachuma, Wamairabe, Wagini na Wanyangi. Kati ya baba na mwana kuna heshima na kuoneana haya. Kati ya babu au bibi na mjukuu kuna utani na uhuru, na ndiyo maana mjukuu aliweza kulala kwa bibi, kumwuliza asichothubutu kumwuliza baba, na kulilia kwake chakula bila kuogopa fimbo.

Hamu ya kuwa na watoto nyumbani ilikuwa kubwa kiasi cha kuzaa desturi ya nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari ya ng'ombe na kuoa mke, naye mke yule huzaa watoto kwa jina la nyumba hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiitambui ndoa hii, kwa sababu inasema ndoa ni muungano wa mwanamume na mwanamke. Kwa mtoto, hata hivyo, maana yake ni kukulia katika nyumba yenye wanawake wawili wanaosaidiana shamba na malezi. Mama kijana ndani ya mpango huo hakuwa na sauti sana, na hilo lisifichwe. Lakini mtoto hakukosa mikono.

Mabadiliko yalikuja kwa njia kadhaa. Wamenoni walifungua misheni yao Shirati mwaka 1934, na hospitali iliyokua hapo ikawa kimbilio la akina mama wa upande wote wa kaskazini ya Mara. Mwaka 1974 Serikali ilianza kupanga huduma za afya ya mama na mtoto nchi nzima, zikaja mizani, kadi na chanjo. Foleni ya kliniki ilimtaka mama mwenyewe, si dada, na hivyo mara moja kwa mwezi shamba lilimngoja. Kati ya mwaka 1973 na 1976 familia zilihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Nyumba zilipangwa karibu na barabara, shule na zahanati. Mashamba mengi yakabaki mbali. Mama aliyezoea kusikia kilio kutoka shambani sasa alikuwa mbali na sauti hiyo.

Badiliko kubwa kuliko yote liliamuliwa katika mkoa huu huu wa Mara. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama tawala, TANU, ilikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma. Elimu ya msingi kwa kila mtoto, ambayo awali ilipangwa kufikiwa mwaka 1989, ililetwa mbele hadi Novemba 1977. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimu mzazi kumwandikisha mtoto wa miaka saba. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi, iliyokuwa karibu milioni 1.2 mwaka 1974, ilikuwa imepita milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Miaka saba. Ndio umri ule ule wa mlezi.

Azimio lilikuwa la haki, na binti wa Nyarero aliyejua kusoma kwa sababu yake alipata kitu ambacho bibi yake hakukipata. Hata hivyo, siku alipovaa sare, mgongo uliombeba mdogo wake uliondoka asubuhi pamoja na daftari. Pengo hilo waasisi wa vijiji hawakulipuuza. Vijiji vingi vya ujamaa vilianzisha vituo vya kulelea watoto, mara nyingi kwa msukumo wa Umoja wa Wanawake wa Tanzania, na mwaka 1981 Bunge lilitunga Sheria Na. 17 ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Mpango ulikuwa mzuri: chumba kimoja, mlezi mmoja au wawili wa kijiji, sufuria ya uji. Kisha uchumi ukaanguka, posho za walezi zikakauka, na katikati ya miaka ya 1980 ada na michango vilirudi shuleni. Vituo vilifungwa kimoja baada ya kingine. Sheria ilibaki kwenye vitabu hadi Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipochukua nafasi yake.

Waliolipa ni watu wawili. Mama alibeba mtoto hadi shambani na kumlaza kivulini, jicho moja kwenye jembe na jingine kwa siafu. Na binti mkubwa akawa mtoro: anaonekana shuleni Jumatatu, Jumatano hayupo kwa sababu mdogo wake ana homa, na msimu wa palizi anapotea kabisa. Wengine walipelekwa mjini kulea watoto wa watumishi na wafanyabiashara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, lakini kazi ya ndani hufanyika nyuma ya mlango uliofungwa.

Ada ilipofutwa mwaka 2001, uandikishaji nchini ulipanda kutoka karibu asilimia 66 ya watoto wa umri wa shule hadi karibu 95 mwaka 2005. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliweka mwaka mmoja wa darasa la awali kuwa wa lazima. Watoto wanaokufa ni wachache sana kuliko zamani: utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo 43 vya walio chini ya miaka mitano kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Wanawake nao huzaa wachache zaidi, wastani wa watoto 4.8. Wadogo wanaohitaji kubebwa wamepungua ndani ya nyumba, na wakubwa wa kuwabeba wako darasani. Mtoto wa miezi kumi hadi miaka minne bado hana pa kukaa mama anapokwenda shamba, gulioni au mgodini Nyamongo.

Desemba 2021 Serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayohusu watoto tangu tumboni hadi miaka minane. Ni hati nzuri, lakini Tarime imekwisha kuona hati nzuri ikifa kwa kukosa posho ya mlezi. Basi halmashauri za Tarime na jirani yake Serengeti zinapopanga bajeti, na serikali za vijiji zinapoitisha mkutano mkuu, waweke kifungu cha mtu wa kulea, chumba na uji kabla ya kifungu cha semina. Na mzazi mwenye mvulana wa miaka tisa nyumbani, akirudi shule jioni, ampe mdogo wake ambebe.