Kanjo ilivunjwa 2013, jina likabaki

Sokoni Kitale mtu akipaza sauti "kanjo!", mama mboga ashaanza kukunja gunia. Ilhali kanjo yenyewe, baraza la manispaa, ilivunjwa 2013 kaunti zilipoanza.

Ubaya ulianza kitambo. Sheria ya 1969 ilinyang'anya mabaraza ya kaunti shule za msingi, afya na barabara, yote yakaenda kwa serikali kuu. Manispaa ziliachiwa. Kwa hivyo Kitale, iliyokuwa manispaa tayari, iliendelea na shule zake. Baraza la kaunti la Bungoma lilibaki na vitu kama soko na leseni. Ukiondolewa kazi ya maana ukaachiwa ushuru, si watu watakujua kwa kukimbizwa tu?

Meya, kusema ukweli, hatukumchagua sisi, alichaguliwa na madiwani wenzake. Lakini diwani alikuwa wa wadi yako, na anakaa kwa kikao cha mji. Sikuhizi MCA anakaa bunge la kaunti, na mji uko chini ya bodi ya manispaa, sheria ya 2011. Hiyo bodi hatuipigii kura.

Hebu taja mjumbe mmoja wa bodi ya mji wenu. Mimi nimeishi Kitale na Bungoma, na nimeshindwa.