Uajiri wa meneja mkuu wa kundi la vituo vya redio

Meneja mkuu wa kundi la vituo vya redio ndiye msimamizi wa shughuli zote za vituo vilivyo chini ya kampuni moja: vipindi, habari, mauzo ya matangazo ya biashara, mitambo na wafanyakazi. Huteuliwa na bodi ya wakurugenzi na kuwajibika kwayo.

Nchini Kenya, wadhifa huu ulipata uzito baada ya serikali kulegeza udhibiti wa utangazaji katika miaka ya 1990. Kameme FM, iliyoanza kutangaza kwa Kikuyu mnamo 2000, ilifungulia njia vituo vya kibinafsi vya lugha za kiasili. Kampuni ya Royal Media Services, kwa mfano, inamiliki Radio Citizen ya Kiswahili, Inooro FM ya Kikuyu, Ramogi FM ya Kijaluo, Musyi FM ya Kikamba na vinginevyo. Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwani ni nadra kumpata mwombaji anayezifahamu lugha zote atakazosimamia.

Hatari yake imeshuhudiwa. Mnamo 2003, mahakama ya kimataifa mjini Arusha ilimpata na hatia Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994. Rufani yake ilipoamuliwa mnamo 2007, kifungo cha maisha kilipunguzwa hadi miaka 30, lakini hatia ya kutowadhibiti watangazaji waliokuwa chini yake ilibaki. Nchini Kenya, ripoti ya Tume ya Waki ya mwaka 2008 ilizitaja redio za lugha za kiasili ilipoeleza jinsi chuki ilivyoenea kabla ya ghasia za uchaguzi.

Kwa hivyo, bodi makini haitosheki na sifa za mauzo. Humwuliza mwombaji: msikilizaji akipiga simu na kuitusi jamii nyingine hewani, kwa lugha usiyoielewa, utajuaje? Jibu la kuridhisha hutaja mhariri anayeielewa lugha hiyo, mtambo wa kuchelewesha sauti kwa sekunde kadhaa, rekodi za vipindi zilizohifadhiwa, na idhini ya kusimamisha kipindi bila kungoja idara ya mauzo.

Baada ya mahojiano, bodi huwauliza waajiri wa awali kuhusu mienendo ya mwombaji, kisha huandaa mkataba. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu kipindi cha majaribio kisichozidi miezi sita, ambacho chaweza kuongezwa kwa ridhaa ya mwajiriwa. Mkataba wenyewe ufafanue uhuru wa wahariri na mipaka ya wamiliki katika uteuzi wa habari.

Marupurupu nayo yahitaji uangalifu. Meneja anayetuzwa kwa mauzo pekee atasita kukatiza kipindi chenye wasikilizaji wengi, hata kinapoeneza chuki. Ilhali leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ikifutwa, kituo hakitakuwa na cha kuuza.