Mtiririko wa nishati na kaboni katika Ziwa Victoria (upande wa Mwanza)

Huu ni mwendo wa nguvu ya jua na wa kaboni kupitia mwani, wadudu, samaki na binadamu, hadi inapopotea kama joto, kurudi hewani kama kabonidayoksaidi au kuzikwa kwenye tope la chini ya ziwa. Nishati hupita mara moja tu, kaboni huzunguka. Makala hii inahusu zaidi Ghuba ya Mwanza, kwa kuwa huko ndiko samaki na chakula chao vilikochunguzwa kwa miaka mingi.

Mazingira

Ziwa lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, karibu nusu yake ikiwa Tanzania. Ni pana lakini si la kina: wastani wa mita 40, na panapozidi ni kama mita 80. Mwanza iko karibu na ikweta, hivyo jua halipungui sana mwaka mzima. Kinachobadilika ni upepo. Kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusini-mashariki hupoza maji ya juu na kuyachanganya na ya chini, na virutubisho vilivyokuwa vimelala chini hupanda. Kuanzia Septemba maji hujipanga tena kwa matabaka, na tabaka la chini huishiwa oksijeni.

Wazalishaji

Kazi kubwa ya usanisinuru hufanywa na mwani usioonekana kwa macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtafiti J. F. Talling alikuta daiatomu zikiwa na nafasi kubwa. Miaka ya 1990 Rose Mugidde, akipima upande wa Uganda, alikuta uzalishaji umekaribia mara mbili na wingi wa mwani umepanda zaidi ya hapo. Wakati huo bakteria wa kijani-bluu, ambao baadhi yao hujitwalia nitrojeni kutoka hewani, walikuwa wameshika ziwa.

Chanzo kinachotajwa sana ni fosforasi. Lawama huangukia majitaka ya mji, yakiwemo yanayoshuka na Mto Mirongo unaokatiza katikati ya Mwanza, na udongo wa mashamba ya Usukuma unaoletwa na Mto Simiyu. Lakini sehemu kubwa hutoka angani, kwa mvua, vumbi na majivu ya mioto ya nyika. Mwani ukizidi hujiwekea kivuli wenyewe, hivyo uzalishaji haupandi bila kikomo.

Kandokando ya ziwa, mafunjo hunasa kaboni kwa njia ile ile ya mahindi na mtama, na ni kati ya mimea inayokua kwa kasi kubwa duniani. Magugu maji yalienea ziwani kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, yakapungua baada ya kuachiliwa mbawakawa wanaoyala.

Ngazi za ulaji

Mwaka 1942 Raymond Lindeman, Mmarekani, alionyesha kuwa nishati hupungua sana kila inapohama kutoka kiumbe anayeliwa kwenda kwa anayekula. Shuleni hufundishwa sehemu moja ya kumi: kilo 1,000 za mwani huzaa kilo 100 za vijidudu vya majini, hizo zikazaa kilo 10 za dagaa, na dagaa hao kilo moja ya sangara. Ziwani hesabu haitoki sawasawa hivyo, ila mwelekeo ndio huo.

Furu na sangara

Kuanzia mwaka 1977, kundi la watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, lililojulikana kama HEST, lilichunguza furu, samaki wadogo wa Ghuba ya Mwanza. Furu walikuwa spishi zaidi ya 500 ziwa zima, na uvuvi wa majaribio wa miaka ya 1969 hadi 1971 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ulikuwa wao. Kati yao wapo waliokula konokono, waliokula mayai na makinda ya wenzao, na wengi waliokula mwani na masalia yanayozama. Kundi hili la mwisho ndilo lililokuwa na uzito katika hesabu ya kaboni: lilizuia masalia yasiozee chini na kuyageuza kuwa nyama ya samaki kwa hatua moja.

Sangara aliingizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950 ili kuleta samaki wakubwa wa biashara, na katika miaka ya 1980 akalipuka kwa wingi. Kufikia 1987 furu wa maji ya kina cha kati katika ghuba walikuwa karibu wametoweka. Takriban spishi 200 zinahesabiwa kupotea ziwani, hasara ambayo haijawahi kupata mfano wake katika maji baridi. Masalia yaliyokosa mlaji yalichukuliwa na uduvi wa ziwani (Caridina nilotica), nao wakaongezeka mno. Wanasayansi waliopasua matumbo ya sangara wadogo waliwakuta wamejaa uduvi hao. Ya sangara wakubwa yalikuwa na dagaa na watoto wa sangara wenyewe. Njia ikawa ndefu: masalia, uduvi, sangara mdogo, sangara mkubwa, mtu.

Kwa hesabu ya Lindeman mavuno yangepaswa kushuka. Yalipanda. Mwani ulikuwa umeongezeka, nyavu na mitumbwi pia, na furu wadogo wenye miiba hawakuwahi kuvuliwa kwa kiasi hicho. Tangu miaka ya 1990 baadhi ya spishi za furu zimerudi.

Kuna gharama nyingine, isiyoonekana kwenye takwimu za samaki. Furu na dagaa hukaushwa kwa jua. Sangara ana mafuta mengi, hakauki vizuri kwa kuanikwa, hivyo hubanikwa kwa kuni, na miti ya visiwani na pwani imelipa.

Dagaa

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, karabai (siku hizi taa za betri) zikimulika majini na kuwavuta juu. Asubuhi huanikwa mwaloni juu ya mchanga au chanja; mvua ikinyesha kabla hawajakauka, huoza na kuwa hasara. Dagaa hula hasa vijidudu vya majini, kwa hiyo yuko ngazi ya chini kuliko sangara na hutoa chakula kingi zaidi kwa kiasi kile kile cha mwani. Huzaa upesi na hustahimili kuvuliwa sana. Kwa uzito, ndiye anayeongoza mavuno ya ziwa.

Wadudu wa ziwani

Mawingu yanayofanana na moshi juu ya maji ni wadudu wadogo waliokulia ziwani wakiwa viluwiluwi. Wengi hutoka pamoja, siku chache baada ya mwezi kuandama, na hupeleka kaboni ya ziwa nchi kavu, kwa buibui na mbayuwayu.

Tope

Ziwa lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita. Kaboni iliyozikwa katika tope lililo juu ya ardhi iliyokauka wakati huo ni ya baada ya hapo.

Ukara

Kaboni huzungushwa na watu pia: Wakara, wakazi wa kisiwa cha Ukara ziwani, walijulikana tangu enzi ya ukoloni kwa kufungia ng'ombe, kuwakatia majani na kurudisha samadi shambani.

Mto Mara

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa nyumbu wapatao 6,250 huzama kila mwaka katika Mto Mara wakati wa kuhama. Nyama huliwa na mamba, samaki na ndege. Mifupa hutoa fosforasi kwa miaka. Viboko huongeza samadi, na madimbwi yao yakisombwa na mafuriko, samaki walio upande wa chini wa mto hufa kwa kukosa oksijeni. Mto huu huingia ziwani karibu na Musoma, baada ya kupita kinamasi kipana cha mafunjo.

Umuhimu wa sasa

Minofu ya sangara husafirishwa Ulaya na kwingineko. Mapanki (vichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kuondolewa) hubaki kuliwa hapa, na mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) huuzwa Asia. Ufugaji wa sato katika vizimba umekua, na chakula chake huleta ziwani kaboni ya mashambani. Sehemu kubwa ya dagaa husagwa kuwa chakula cha kuku. Dagaa huyo hupanda ngazi moja zaidi kabla ya kufika mezani, na sehemu kubwa ya nishati yake haifiki.