Kukagua Tela Kuukuu: Historia ya Ununuzi wa Vyombo vya Magurudumu katika Masakta, Hanang na Mbulu

Masakta ni kata ya wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, katika ukanda wa kilimo na ufugaji unaounganisha nchi ya Mbulu na nyanda zilizotandaa chini ya Mlima Hanang, mlima wa volkano ambao kilele chake hupita mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Wairaqw na Wadatoga, hasa wale wa tawi la Wabarbaig, ndio wakazi wa ukanda huo tangu zamani, na pamoja nao wanaishi Wanyaturu na Wanyiramba. Kwa wakulima wa nyanda hizi, tela, yaani chombo cha magurudumu kisicho na injini kinachokokotwa na trekta, ni mali ya thamani inayobeba mavuno, mbolea, matofali na mapipa ya maji, na ambayo hupita katika mikono ya wamiliki kadhaa kabla ya kukatwa na kuwa chuma chakavu. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa tela kuukuu kabla ya kulipa fedha umekuwa elimu kamili yenye utaratibu wake, na historia ya elimu hiyo ni ndefu kuliko historia ya tela lenyewe, kwa kuwa mizizi yake iko katika mnada wa mifugo.

Ununuzi wa ng'ombe ulimfundisha mtu wa Hanang na Mbulu kutoamini maneno ya muuzaji mpaka macho na mikono yake ithibitishe. Umri wa ng'ombe hausemwi bali husomwa kinywani: mnyama huyo ana meno ya mbele kwenye taya la chini peke yake, na jozi ya kwanza ya meno ya kudumu huota akiwa na takriban miaka miwili, ilhali jozi ya nne, inayokamilisha kinywa, huota kati ya miaka minne na mitano, hivi kwamba anayejua kuhesabu jozi hadanganywi kuhusu umri. Baada ya kinywa hutazamwa mwendo, kwa kuwa ng'ombe anayechechemea huweza kuficha kilema chake akisimama, na hutazamwa pia ngozi, macho, kwato na alama za chapa zinazoonyesha mwenye mali wa awali. Maksai, yaani dume aliyehasiwa kwa ajili ya kazi, alihitaji ukaguzi wa ziada wa shingo, mahali ambapo nira huacha kidonda kinachopona juu na kuoza ndani. Kanuni iliyomo katika desturi hii, kwamba ubovu utafutwe kwanza pale mzigo unapokaa, ndiyo iliyohamishiwa baadaye kwenye chuma bila kubadilika hata kidogo.

Magurudumu yenyewe yalichelewa kufika. Misafara ya karne ya 19 iliyopita kando ya Ziwa Manyara na katika nyanda za juu za Mbulu, ukiwemo ule wa Mwaustria Oscar Baumann wa mwaka 1892, ilibeba mizigo kwa vichwa na mabega ya wapagazi, na wenyeji walitegemea punda. Magari makubwa ya mbao yanayokokotwa na jozi nyingi za maksai yaliletwa kaskazini mwa Tanganyika na Makaburu waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza, wakapewa ardhi na serikali ya Wajerumani karibu na Meru kuanzia miaka ya 1904 na 1905. Gurudumu la mbao lina udhaifu unaofahamika: kiangazi kikizidi, mbao husinyaa na pete ya chuma inayolizunguka hulegea, kwa hiyo mnunuzi wa gari la namna hiyo aligonga kila tindi, yaani mti unaotoka kitovuni kwenda ukingoni, na kusikiliza kama mlio ni mkavu au umepwaya. Ukaguzi kwa sikio, ambao mafundi wa leo huutumia kwenye chuma, ni mbinu ya zamani katika ufundi wa magurudumu popote duniani.

Plau la kukokotwa na maksai lilienea katika nchi ya Mbulu wakati wa utawala wa Waingereza, na kilimo kikaanza kushuka kutoka miinuko iliyosongamana watu kwenda kwenye nyanda za chini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni iliendesha Mpango wa Maendeleo wa Mbulu, uliolazimisha kupunguza mifugo na uliofyeka vichaka ili kuwaondoa ndorobo, na hivyo kufungua ardhi mpya ya malisho na mashamba. Ardhi ilipopanuka, umbali kati ya shamba na nyumba ulipanuka pia, na mzigo uliokuwa ukitoshelezwa na punda ukahitaji mkokoteni.

Kituo cha majaribio ya mitambo ya kilimo kilichofunguliwa Tengeru katika miaka ya 1950, ambacho kilifahamika kwa kifupi cha TAMTU, kilishughulikia mikokoteni ya bei nafuu, ikiwemo ya magurudumu ya mbao, na kazi yake ikarithiwa na CAMARTEC, taasisi ya zana za kilimo na teknolojia vijijini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1981 jijini Arusha. Hata hivyo, mkokoteni ulioshinda vijijini haukutoka katika michoro ya kitaalamu. Mafundi wa mitaani walichukua ekseli, yaani mhimili unaounganisha magurudumu mawili, kutoka kwenye magari yaliyokufa, wakaipandishia fremu ya chuma na mbao, wakaivisha matairi yaliyochakaa. Ubunifu huo unastahili heshima kubwa kuliko uliyopewa na waandishi wa historia ya kilimo, lakini pia ndio uliozaa tatizo la ukaguzi kama linavyojulikana leo, kwa sababu chombo kilianza kuuzwa kikiwa na vipande vyenye umri tofauti: fremu ya juzi, ekseli ya miaka thelathini na beringi zisizojulikana zimetoka wapi.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliletwa na ngano. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lililoanzishwa mwaka 1969, likisaidiwa na serikali ya Kanada, lilifungua mashamba makubwa saba katika nyanda za Basotu, yakiwemo Setchet, Mulbadaw, Murjanda na Gawal, na kwa pamoja yalifikia takriban ekari 100,000. Kilimo hicho kiliendeshwa kwa mitambo tangu kupanda hadi kuvuna, kwa mtindo wa majimbo ya nyanda kavu ya Kanada. Ardhi iliyotwaliwa ilikuwa malisho bora ya Wabarbaig, pamoja na makaburi yao ya heshima, na madhara hayo hayapaswi kutajwa kwa kupita tu. Kesi ya Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wenzake dhidi ya NAFCO iliamuliwa kwa faida ya wanakijiji katika Mahakama Kuu mwaka 1984, kisha ushindi huo ukatenguliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Historia yoyote ya zana za kilimo Hanang inayosahau gharama hiyo ni pungufu.

Pamoja na hayo, mashamba ya ngano yaliacha urithi usioonekana katika takwimu za mavuno. Mitambo mingi namna hiyo, mbali na bandari na mbali na kiwanda, ilihitaji karakana, na karakana zilihitaji vijana waliofundishwa kuchomelea vyuma, kufungua habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi, na kuweka kumbukumbu za matengenezo. Msaada wa Kanada ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1990 na mashirika ya umma yakaanza kubinafsishwa, vipuri viliadimika, mitambo ikaanza kuchinjwa ili mmoja uhuishe mwingine, na ujuzi wa karakana ukasambaa vijijini pamoja na watu wake. Ukaguzi unaofanywa katika vijiji vya Hanang leo unafanana kwa hatua zake na ukaguzi wa karakana kubwa kiasi kwamba ni vigumu kuamini kuwa ulizuka wenyewe.

Hatua ya kwanza hufanyika chini ya tela na si juu yake, kwa kuwa rangi mpya na mbao mpya hupatikana kwa fedha kidogo, ilhali chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba uzito wote, ikipasuka haina tiba ya kudumu. Mahali panapotazamwa kabla ya pengine popote ni pale mkono wa kukokotea unapoungana na chesisi, maana kila shimo la barabarani na kila breki ya trekta humalizikia hapo. Fundi hukwangua rangi kwa ncha ya chuma akitafuta ufa mwembamba, ambao kwa kawaida hujifichua kwa mstari wa kutu unaovuja kutoka ndani. Hutazama pia kama kiungo kimechomelewa upya, kwa sababu uchomeleaji wa kiwandani huwa na mapigo yaliyo sawa, na wa mtaani mara nyingi huwa na matone na kiraka cha bamba kilichobandikwa juu yake. Kiraka peke yake si kosa, bali kiraka kisichotajwa na muuzaji ndicho kinachopaswa kumtia mnunuzi shaka, kwani aliyeficha kimoja huenda ameficha kingine. Nyundo hufuata, na chuma kizima hulia kwa mlio unaodumu, wakati kilichopasuka au kuliwa na kutu hutoa sauti iliyokatika.

Udongo wa Hanang una neno lake katika ukaguzi huu. Sehemu za mbuga, zenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, hulilazimisha tela lililojaa kujipinda, gurudumu moja likizama na jingine likibaki juu, na mipindo hiyo ikirudiwa misimu mingi chesisi hupoteza unyoofu. Ndiyo maana wakaguzi hodari husimama nyuma ya tela, hatua kadhaa mbali, wakalinganisha pembe zake nne, kisha hupima kwa kamba kutoka pembe moja hadi ile iliyo mkabala nayo, na kurudia kwa pembe nyingine mbili. Kamba zisipolingana, fremu imepinda. Matairi hutoa ushahidi wa pili, kwa kuwa tairi lililoliwa upande mmoja tu linamaanisha ekseli iliyopinda, na tairi lenye kashata nzuri, yaani mikato ya juu inayoshika ardhi, huweza kuwa kuukuu mno, jambo linalothibitishwa na tarakimu nne zilizopigwa ubavuni kwenye matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000, mbili za kwanza zikiwa juma na mbili za mwisho zikiwa mwaka. Gurudumu huinuliwa kwa jeki, likashikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, beringi zimekwisha au nati yake imelegea. Kisha huzungushwa kwa mkono, na mkwaruzo wowote unaosikika ni sababu ya kufungua habu kabla ya kutaja bei.

Sakafu ina habari zake. Tela lililobeba mbolea za chumvichumvi, au lililosafirisha mifugo ambayo mkojo wake hupenya kwenye viungo vya mabati, huoza kutoka ndani kwenda nje, na mbao mpya zilizotandikwa juu ya mabati yaliyooza ni hila inayofahamika sana. Kwa matela yanayoinuka kumwaga mzigo, jeki ya haidroliki, inayosukumwa na mafuta yenye shinikizo, hainunuliwi mpaka iinue mzigo halisi na kusimama nao kwa muda bila kushuka, kwani kuinua tela tupu hakuthibitishi lolote.

Mantiki hii ni ileile inayotumika kwa matela ya kulala wasafiri, vyumba vidogo vya magurudumu ambavyo hukokotwa na magari ya watalii kutoka Afrika Kusini na kwingineko kuelekea Ngorongoro na Serengeti. Adui wa vyombo hivyo ni maji yanayopenya kwenye maungio ya paa na madirisha, yakaozesha mbao zilizofichwa katikati ya kuta mbili nyembamba, na mkaguzi huyatafuta kwa kubonyeza kuta kwa kidole, kunusa harufu ya uvundo ndani ya makabati na kutazama madoa kwenye pembe za dari. Ukuta unaobonyea ni habari mbaya kuliko injini yoyote mbovu, na ajabu ni kwamba muuzaji mara nyingi hajui, kwa sababu ubovu wa namna hiyo hukua bila kuonekana kwa miaka.

Sheria nayo inamtaka mnunuzi awe macho. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, iliyorithiwa kutoka enzi ya Waingereza na kufuata sheria yao ya mwaka 1893, hukubali kwamba katika mazingira fulani muuzaji anawajibika kwa ubora wa bidhaa, lakini pia huweka wazi kuwa aliyekagua bidhaa hana kinga kwa kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Kwa maneno mengine, ukaguzi wa juujuu humdhuru mnunuzi mara mbili. Vijijini, pengo hilo huzibwa kwa hati ya mauziano inayoandikwa mbele ya mashahidi, na mara nyingi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, ambamo namba ya chesisi hunakiliwa na kasoro zilizokubaliwa hutajwa moja moja. Hati nzuri hueleza kasoro na si sifa, na busara hiyo ya wazee imewaokoa wengi wasifikishane barazani.

Barabara ya Singida hadi Minjingu kupitia Katesh na Babati ilipowekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2010, na trekta zilizoletwa kwa mkopo kutoka India kupitia SUMA JKT zilipoanza kuenea nchini karibu na wakati huohuo, soko la matela kuukuu lilipanuka hadi Arusha na Singida. Baadaye simu za kisasa zikaruhusu mnunuzi wa Masakta kuona picha za chombo kilicho mbali kwa siku nzima ya safari. Picha hizo huonyesha rangi, mbao na matairi, yaani vitu vyote vinavyobadilishwa kwa urahisi, na huacha upande wa chini ambako ukweli wa tela hukaa. Wakulima walio makini wamejibu kwa kumtanguliza fundi kwa nauli yao kabla ya kutuma malipo ya awali, na gharama ya nauli hiyo, ikilinganishwa na ya chesisi iliyopasuka katikati ya msimu wa mavuno, ni ndogo mno kiasi kwamba hakuna sababu ya msingi ya kuikwepa.